Vibao vya Jazi Fyusheni Usivyopaswa Kuvikosa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wasikilizaji wapya huyarudia kila wanapotajiwa mpiga tarumbeta Miles Davis, kundi la Weather Report au mpiga kinanda Herbie Hancock. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine bila kurudia maelezo. Anayetaka kuanza kusikiliza mara moja anaweza kwenda moja kwa moja kwenye swali la 5.

## Mambo ya msingi

1. Jazi fyusheni ni muziki gani hasa?

Ni muziki uliozaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati wanamuziki wa jazi walipoanza kutumia vyombo vya umeme, wakaazima mapigo ya roki na fanki (muziki wa dansi wa Wamarekani weusi), na kuifanya studio yenyewe kuwa chombo cha kutungia. Kilichobaki cha jazi ni ule uhuru wa mpigaji kubuni papo kwa papo, akiwasikiliza wenzake na kuwajibu. Kilichobadilika zaidi ni msingi unaobeba ubunifu huo. Katika jazi ya zamani besi hutembea na dramu huelea, lakini katika fyusheni mara nyingi besi hushika mstari mmoja mfupi na kuurudia kwa dakika kadhaa, na mengine yote hujengwa juu yake.

Kwa hiyo ushauri unaopitia ukurasa huu wote ni mmoja: msikilizaji mgeni aanze na besi na dramu, kisha ndipo apande kwenye saksafoni, gitaa na kinanda. Anayeanza kwa kufuatilia solo huchoka mapema, kwa sababu solo nyingi za fyusheni ni ndefu na hazina maana kamili zikitengwa na kinachopigwa chini yake.

2. Je, huu ndio muziki wa Morogoro Jazz, Nuta Jazz au OK Jazz?

Hapana. Bendi nyingi za Tanzania, Kenya na Kongo zilijiita Jazz kwa sababu neno hilo lilikuwa na hadhi ya kisasa ya mjini, lakini muziki zilioupiga ulikuwa wa dansi, wenye mizizi katika rumba ya Kuba na ngoma za kwetu. OK Jazz ilipoanzishwa mwaka 1956 katika jiji linaloitwa leo Kinshasa, hakuna aliyetarajia kundi lile lipige kama mpiga saksafoni wa jazi Charlie Parker, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alikuwa bingwa wa gitaa la solo katika mtindo mwingine kabisa.

Hata hivyo, aliyekulia kwenye muziki wa dansi ana faida ambayo mara nyingi haijui. Amezoea kibao kirefu, amezoea magitaa yanayorudia kifungu kilekile huku yakibadilishana maneno, na anajua kungojea chemko, yaani ile sehemu ya mwisho inayochangamka. Sikio la namna hiyo huingia kwenye fyusheni kwa urahisi kuliko sikio lililozoea nyimbo za dakika 3 zenye kiitikio kila baada ya nusu dakika.

3. Ulianza lini, na nani aliuanzisha?

Hakuna mtu mmoja. Mwaka 1967 mpiga gitaa Larry Coryell alikuwa tayari anachanganya jazi na roki, kwanza na kundi la Free Spirits na kisha katika albamu ya Gary Burton iitwayo Duster. Mwaka 1969 mpiga dramu Tony Williams, ambaye alikuwa ametoka kwa Miles Davis, alitoa Emergency! akiwa na John McLaughlin kwenye gitaa na Larry Young kwenye ogani, rekodi yenye makelele na hasira ambayo hadi leo haimbembelezi mtu.

Lakini aliyeufungua mlango kwa kishindo ni Miles Davis mwenyewe, kwa albamu mbili alizorekodi mwaka huohuo wa 1969: In a Silent Way, iliyorekodiwa tarehe 18 Februari, na Bitches Brew, iliyorekodiwa kwa siku tatu za Agosti na kutolewa mwaka uliofuata. Ukitazama majina ya waliopiga katika albamu hizo utaona karibu makundi yote makubwa ya fyusheni yakiwa bado hayajazaliwa. Joe Zawinul na Wayne Shorter walikwenda kuanzisha Weather Report, McLaughlin akaanzisha Mahavishnu Orchestra, na Chick Corea akaanzisha Return to Forever. Herbie Hancock, aliyepiga katika ile ya kwanza, alishika njia yake iliyompeleka hadi albamu ya Head Hunters.

4. Je, ni lazima niijue jazi ya kawaida kwanza?

Si lazima. Wasikilizaji wengi wa miaka ya 1970 waliijua fyusheni kwanza, kisha wakarudi nyuma kuitafuta jazi ya miaka ya 1950, na hawakupungukiwa na kitu.

## Pa kuanzia

5. Nikiwa na nafasi ya kusikiliza kibao kimoja tu, kiwe kipi?

Kiwe "Chameleon" cha Herbie Hancock, kinachofungua albamu ya Head Hunters ya mwaka 1973. Kina urefu wa karibu dakika 16, na urefu huo usimtishe mtu, kwa kuwa kibao hiki kimepangwa kwa ngazi zinazoonekana waziwazi.

Kinaanza na mstari wa besi peke yake, ambao Hancock anaupiga kwa sintesaiza (kinanda cha elektroniki) aina ya ARP Odyssey wala si kwa gitaa la besi. Dramu za Harvey Mason zinaingia, halafu Paul Jackson anaingia na gitaa lake la besi, lakini kwa kuwa nafasi ya chini imeshachukuliwa na sintesaiza, anapiga vifungu vya juu kama mpiga gitaa la kati katika bendi ya dansi. Bill Summers yuko kwenye ngoma na manyanga. Ni baada ya wote hao kujipanga ndipo saksafoni ya Bennie Maupin inapoleta wimbo wenyewe, ambao ni mfupi na mtu anaweza kuuimba bafuni.

Jambo ambalo wengi hulikosa mara ya kwanza hutokea kabla ya dakika ya nane. Ule mstari wa besi uliokuwa umeganda kichwani unaondoka kabisa, mapigo yanalainika, na Hancock anahamia kwenye kinanda cha umeme cha Fender Rhodes kwa solo ndefu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo moyo wa kibao chote. Mstari wa mwanzo unaporudi baadaye, sikio linaupokea tofauti kabisa. Anayekatisha kibao dakika ya tano kwa kudhani kwamba ameshaelewa amesikia nusu tu ya mambo, na ndiyo sababu toleo lililofupishwa halipendekezwi hapa (tazama swali la 16).

6. Ninataka kitu kifupi na chenye wimbo wa kushika mara moja. Kipo?

Kipo, nacho ni "Birdland" cha Weather Report, kutoka albamu ya Heavy Weather ya mwaka 1977. Hakifiki hata dakika 6 na ndani yake mna nyimbo ndogondogo kadhaa, kila moja ikiwa tamu vya kutosha kusimama peke yake. Mtunzi wake, Joe Zawinul, alikuwa Mwaustria aliyehamia Marekani, na Birdland ulikuwa ukumbi wa New York uliofunguliwa mwaka 1949 na kupewa jina kutokana na lakabu ya Charlie Parker, yaani Bird.

Baada ya utangulizi wa sintesaiza husikika sauti nyembamba na ya juu inayodhaniwa kuwa gitaa la kawaida. Ni gitaa la besi la Jaco Pastorius, akizigusa nyuzi kwa namna inayotoa mlio wa juu badala ya ule mzito uliozoeleka. Kutoka hapo kibao kinapanda hatua kwa hatua hadi kwenye kile kifungu cha shangwe ambacho kila mtu hukikumbuka. Mwaka 1979 kundi la Manhattan Transfer lilikiimba kwa maneno yaliyotungwa na Jon Hendricks, na anayependa sauti za waimbaji anaweza kuanzia huko.

7. Na kwa anayependa muziki wenye harufu ya Kilatini?

Asikilize "Spain" cha Chick Corea, kilichotoka mwaka 1973 katika albamu ya Light as a Feather ya Return to Forever. Utangulizi wake umetokana na sehemu ya taratibu ya Concierto de Aranjuez ya mtunzi wa Kihispania Joaquín Rodrigo, na Corea anaupiga kwa kinanda cha umeme kwa upole kabla bendi nzima haijafyatuka katika wimbo wa haraka uliojaa mikato. Airto Moreira, Mbrazili, ndiye aliyekaa kwenye dramu, na ndiyo maana mdundo unaruka kama samba bila kuwa samba hasa. Stanley Clarke anatumia besi kubwa ya kusimama, si ya umeme, jambo linalokumbusha kwamba fyusheni haikuwa kiapo cha kuvikana vyombo vya zamani.

8. Mimi ni mtu wa roki na magitaa yenye nguvu. Nianzie wapi?

Kwenye "Stratus" cha mpiga dramu Billy Cobham, kutoka albamu ya Spectrum ya mwaka 1973. Kwa kama dakika 3 za mwanzo husikii ila dramu zinazomiminika na milio ya ajabu ya sintesaiza ya Jan Hammer, kisha Lee Sklar anaingia na mstari wa besi ambao hautaondoka tena. Mpiga gitaa, Tommy Bolin, alikuwa mtu wa roki kuliko mtu wa jazi, na inasikika: anapiga kwa kujiamini juu ya mapigo ambayo mwanajazi angeyazungukazunguka.

Baada ya hapo jaribu "'Cause We've Ended as Lovers" kutoka Blow by Blow ya Jeff Beck ya mwaka 1975, albamu iliyotayarishwa na George Martin, yuleyule wa Beatles. Wimbo huo aliutunga Stevie Wonder, na katika gitaa la Beck karibu unasikia mtu akiimba.

## Vibao vinavyohitaji subira

9. Kila orodha inaiweka Bitches Brew namba moja. Mbona hapa haimo kwenye vya kuanzia?

Kwa sababu imewafukuza wasikilizaji wengi waliopelekwa kwake kabla ya wakati. Ni albamu ya santuri mbili yenye zaidi ya saa moja na nusu ya muziki. Wapiga dramu wawili wanapiga kwa pamoja, besi huwa mbili, vinanda vya umeme ni viwili au vitatu kutegemea kibao, na klarineti ya besi ya Bennie Maupin inazunguka chini yao kama kitu kilichojificha. Umuhimu wake katika historia hauna ubishi, lakini umuhimu wa historia si sababu nzuri ya kuianza nayo.

Anayetaka kuiingia apitie mlango wa pembeni, yaani "Miles Runs the Voodoo Down", ambapo Don Alias anashika mdundo mzito wa taratibu unaoeleweka mara moja, au "Spanish Key", ambao mwendo wake haukatiki. Kibao kilichoitwa "John McLaughlin" ni kifupi kuliko vyote, na Miles mwenyewe hapigi humo. Kibao chenye jina la albamu, cha karibu dakika 27, kiachwe hadi masikio yakae sawa.

10. Na In a Silent Way nayo ni ngumu kiasi hicho?

Hapana, na inashangaza kwamba haitajwi mara nyingi zaidi kwa wanaoanza. Ina vipande viwili tu, kila kimoja kikijaza upande mmoja wa santuri. Katika "Shhh/Peaceful" Tony Williams, mmoja wa wapiga dramu wenye nguvu kuliko wote wa kizazi chake, anakaa karibu muda wote kwenye matoazi ya mguu, akigonga kwa wepesi usiobadilika, huku vinanda vitatu vya Hancock, Corea na Zawinul vikining'inia hewani.

Upande wa pili unaanza na wimbo wa Zawinul ulioipa albamu jina lake, unaingia kwenye "It's About That Time", kisha ule wimbo wa mwanzo unarudi. Sikiliza kwa makini mwisho huo, kwa kuwa hawakuupiga upya: mtayarishaji Teo Macero alichukua kipande kilekile cha kanda na kukiunganisha tena. Kazi hiyo ya kukata na kuunga kanda aliiendeleza katika Bitches Brew, hasa katika "Pharaoh's Dance", na ndiyo maana haiwezekani kuzizungumzia albamu hizi kana kwamba ni rekodi za bendi iliyokaa ikapiga mwanzo hadi mwisho. Wapinzani wa wakati ule waliuona ujanja huu kama udanganyifu. Leo mtayarishaji yeyote wa Bongo Fleva anaufanya kwa kompyuta kabla ya chakula cha mchana.

11. Ninaposikiliza Mahavishnu Orchestra ninashindwa kuhesabu mapigo. Tatizo ni langu?

Si lako. John McLaughlin, Mwingereza aliyezama katika muziki wa kitamaduni wa India, aliwatungia wenzake mizunguko ambayo haigawanyiki kwa nne kama tulivyozoea. "Birds of Fire", kibao kinachoipa albamu ya mwaka 1973 jina lake, kina mzunguko wa mapigo 18, na katika "The Dance of Maya", kutoka The Inner Mounting Flame ya mwaka 1971, mzunguko wa mapigo 10 unageuka katikati kuwa kitu kinachofanana na bluzi iliyopinda.

Njia inayosaidia ni kuacha kuhesabu na kushika kifungu kimoja kinachojirudia, kisha kukiimba pamoja nao hadi mwili ujue pa kurudi. Ukianza na "You Know, You Know", ambacho ni cha taratibu na chenye nafasi nyingi za kimya, utaona kwamba Billy Cobham anaufanya mzunguko uwe wazi kila mara, hata pale anapoonekana anaubomoa.

Kundi hili la kwanza lilikuwa na watu kutoka pande mbalimbali: Cobham alizaliwa Panama, Jan Hammer alitoka Czechoslovakia, mpiga besi Rick Laird alikuwa Muayalandi na mpiga fidla Jerry Goodman Mmarekani. Kasi yao inaweza kuchosha. Mimi siwezi kusikiliza albamu zao mbili mfululizo, na simshauri mwingine ajaribu.

12. Je, fyusheni yote ina makelele na haraka?

La hasha. "A Remark You Made", kinachofuata mara tu baada ya "Birdland" katika Heavy Weather, ni wimbo wa taratibu ambamo saksafoni ya Wayne Shorter na besi ya Pastorius isiyo na vizuizi vya chuma shingoni hupokezana sauti hadi ni vigumu kusema nani anaongoza. "Vein Melter", kinachofunga Head Hunters, ni cha usiku wa manane. Katika Bright Size Life ya mwaka 1976 Pat Metheny anapiga gitaa safi, lisilo na mkwaruzo, akiwa na Pastorius na mpiga dramu Bob Moses, watu watatu tu, na nafasi iliyoachwa kati yao ndiyo inayoipa albamu uzuri wake.

13. Mbona hakuna anayeimba?

Wapo, ila ni wachache. Flora Purim anaimba "500 Miles High" katika albamu ileile ya Light as a Feather, na uimbaji wake unafaa sana kwa anayeona vigumu kukaa dakika 10 bila neno. Kwa jumla, hata hivyo, nafasi ambayo mwimbaji angeishika katika muziki mwingine hapa hushikwa na chombo, na msikilizaji akikubali hilo mapema hatangojea kisichokuja.

## Kiswahili na Afrika ndani ya fyusheni

14. Ni kweli kwamba Herbie Hancock alikuwa na bendi yenye jina la Kiswahili?

Ni kweli. Kuanzia albamu ya Mwandishi ya mwaka 1971, kundi lake la watu sita lilijulikana kwa jina hilo, ambalo lilikuwa pia jina la Hancock mwenyewe. Mpiga besi Buster Williams aliitwa Mchezaji, mpiga dramu Billy Hart aliitwa Jabali, Bennie Maupin aliitwa Mwile, na mpiga tromboni Julian Priester aliitwa Pepo Mtoto. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson alipewa jina la Mganga, na lilimfaa kuliko wote, kwani alikuwa daktari aliyesomea utabibu.

Majina hayo yalitoka kwa James Mtume, mwana wa mpiga saksafoni Jimmy Heath, aliyekuwa mfuasi wa Maulana Karenga, yule aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966. Wamarekani weusi wengi wa wakati ule walikichagua Kiswahili kwa kuwa ni lugha ya Kiafrika isiyo mali ya kabila moja, na pia kwa sababu Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa na heshima kubwa machoni pao. Mwishoni mwa 1969 Mtume na Hancock walishiriki katika rekodi ya Kawaida, iliyotolewa kwa jina la mpiga dramu Albert Heath, na hapo Kiswahili kilikuwa tayari jaladani. Mtume baadaye alipiga ngoma katika bendi ya Miles Davis, na mwaka 1983 akatamba na wimbo wa "Juicy Fruit", ambao wapenzi wa rapa Notorious B.I.G., aliyeuchota, wanaujua hata kama hawajui kwamba wanaujua.

Kibao cha kusikiliza ni "Ostinato (Suite for Angela)", kinachofungua albamu ya Mwandishi. Kilitungwa kwa heshima ya Angela Davis, aliyekuwa gerezani kilipokuwa kikirekodiwa na ambaye mahakama ilimwachia huru mwaka 1972. Mzunguko wake ni wa mapigo 15, na ushauri wa swali la 11 unatumika hapa pia. Albamu mbili zilizofuata, Crossings na Sextant, zinakwenda mbali zaidi kwenye sintesaiza na milio isiyo na umbo. Ni muziki wa kijasiri ambao haukuuza vya kutosha kulilisha kundi, Hancock akalivunja mwaka 1973 na kugeukia fanki, na matokeo yake ni kile kibao cha swali la 5. Binafsi naiweka "Ostinato" juu ya "Chameleon", lakini simpi mgeni kwanza.

15. Ile sauti ya filimbi mwanzoni mwa "Watermelon Man" ni chombo gani?

Ni chupa ya bia. Hancock alikuwa ameurekodi "Watermelon Man" mara ya kwanza mwaka 1962 kama jazi ya kawaida, na alipourudia katika Head Hunters mpiga ngoma Bill Summers alipuliza chupa huku akipokezana mlio huo na sauti yake ya koo. Mbinu hiyo aliiiga kutoka kwa Wababenzele wa misitu ya Afrika ya Kati, ambao huifanya kwa filimbi ya bua la mpapai, na ambao muziki wao ulitolewa kwenye santuri mwaka 1966 kutokana na rekodi za mtafiti Simha Arom. Waliosikia santuri ile huitambua mara moja. Utunzi wa kibao umebaki kwa jina la Hancock peke yake, jambo ambalo limezua mjadala wa haki kuhusu nani hufaidika pale muziki wa kijiji unapoingia studio ya New York au California.

Anayetafuta fyusheni iliyotungwa na Waafrika wenyewe aende kwa Mulatu Astatke, mzaliwa wa Jimma nchini Ethiopia, aliyesoma muziki London na Boston kisha akaziunganisha skeli (ngazi za sauti) za Kiethiopia na jazi na mdundo wa Kilatini. Albamu yake ya Mulatu of Ethiopia ilitoka mwaka 1972, katika miaka ileile ya Mahavishnu na Weather Report, bila kuwaiga. "Yekermo Sew" ndicho kibao cha kuanzia, na kinapatikana katika juzuu ya nne ya mfululizo wa Éthiopiques iliyotoka mwaka 1998.

## Mambo ya pembeni

16. Nimekuta toleo fupi na toleo refu la kibao kimoja. Nichague lipi?

Karibu kila mara chagua refu. Vibao kama "Chameleon" vilifupishwa kwa ajili ya santuri ndogo na redio, na ufupisho ule unaondoa hasa yale mabadiliko ya katikati yanayokipa kibao maana. Tahadhari nyingine ni kwamba rekodi za jukwaani huwa na majina yaleyale lakini muziki tofauti kabisa, kwa hiyo angalia mwaka na jina la albamu kabla ya kuhukumu.

17. Ninasikiliza kwa simu na muziki unasikika mwembamba. Kasoro iko wapi?

Kwenye spika ya simu, ambayo haiwezi kutoa sauti za chini. Kwa fyusheni hasara hiyo ni kubwa kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 1. Visikilizio vya bei ndogo vya kuweka masikioni vinatosha kuurudisha mstari wa besi.

18. Kwa nini baadhi ya wapenzi wa jazi wanaidharau fyusheni?

Kuna hoja tatu ambazo husikika zikichanganywa. Ya kwanza ni ya biashara: Bitches Brew ilimpa Miles diski yake ya kwanza ya dhahabu (tuzo ya mauzo makubwa), mwezi Machi 1970 alikuwa jukwaa moja na bendi za roki katika ukumbi wa Fillmore East, na wakosoaji kama Stanley Crouch waliona hapo msanii aliyejiuza. Ya pili ni ya sauti, kwamba umeme unafuta tofauti ndogondogo za mguso wa mpigaji. Ya tatu ni kwamba fyusheni ya baadaye iligeuka mashindano ya kasi.

Hoja ya kwanza haina nguvu mbele ya muziki wenyewe, kwa kuwa mtu anayetafuta pesa hatoi kibao cha dakika 27 kisicho na kiitikio. Ya pili inajibiwa na Pastorius katika swali la 12. Ya tatu ni ya kweli, na baada ya kama mwaka 1977 ipo rekodi nyingi ambazo ufundi wa vidole ndio habari yake yote.

19. Je, ile jazi laini ya hotelini na kwenye lifti ni fyusheni?

Ni mjukuu wake aliyelelewa na redio. Chanzo kimojawapo ni Breezin' ya George Benson ya mwaka 1976, albamu nzuri kwa haki yake, lakini waliomfuata walibakiza ulaini na kuacha ubunifu.

20. Mbona baadhi ya vibao hivi nahisi nimeshavisikia?

Kwa sababu watayarishaji wa hip hop na muziki wa kompyuta wamevichota kwa miaka mingi. Massive Attack, kundi la Bristol, lilijenga "Safe from Harm" ya mwaka 1991 juu ya mstari wa besi wa "Stratus", na katika albamu hiyohiyo "One Love" imechota kwa Mahavishnu, kutoka "You Know, You Know".

21. Je, kuna kibao cha karne hii kinachostahili kuwekwa pamoja na hivi?

"Lingus" cha Snarky Puppy, kutoka We Like It Here ya mwaka 2014, kilichorekodiwa Uholanzi mbele ya hadhira ndogo iliyovaa visikilizio. Video yake ipo, na uso wa wenzake wakati Cory Henry anapiga solo ya sintesaiza unasema mengi kuhusu muziki huu kuliko maelezo. McLaughlin naye hakustaafu kimya: kundi lake la Shakti, aliloliunda miaka ya 1970 pamoja na wapigaji wa India akiwemo mpiga tabla Zakir Hussain, lilitoa This Moment mwaka 2023.

22. Ninapiga besi katika bendi ya dansi. Kibao gani kitanisaidia kujifunza?

Anza na "Stratus", kwa sababu ugumu wake ni nidhamu: kuushikilia mstari uleule bila kuupamba wakati wengine wote wanalipuka. Kisha uchukue "Chameleon" na ujifunze mistari yote miwili, ule wa sintesaiza na ule wa Paul Jackson, ili uone jinsi besi mbili zinavyoishi pamoja bila kukanyagana. "Teen Town", ambacho Pastorius alipiga besi na dramu yeye mwenyewe katika Heavy Weather, kiwe cha mwisho, na kifanyiwe mazoezi kwa nusu ya mwendo wake kwa muda mrefu kabla ya kukipeleka jukwaani.